Mtu wa Kumi na Nne Mezani

Watu wa nyumba ya Hallowthwaite walisema mwalimu wa nyumbani ni popo: ndege wanamkataa kwa kuwa ana meno, na wanyama wanamkataa kwa kuwa ana mabawa. Aliyeanzisha mzaha huo ni mpishi, nami niliposikia nilicheka kuliko wote, maana ulikuwa kweli tupu. Baba yangu alikuwa kasisi, kwa hiyo sikuweza kula jikoni na watumishi. Ningewashushia hadhi watoto niliokuwa nawafundisha. Nilikuwa nalipwa mshahara, kwa hiyo sikuweza kula mezani na Bwana na Bibi Thackwray. Ningewashushia hadhi wao wenyewe. Basi nilikula peke yangu ghorofa ya tatu, katika chumba cha masomo. Chakula aliniletea Keziah, msichana wa kazi, ambaye alihema kwa makusudi ili nimsikie tangu ngazi ya kwanza.

"Nyama imepoa, Bi Mwalimu," angesema, akitua sinia. "Lakini ilipotoka jikoni ilikuwa moto, haki ya Mungu."

"Na wewe ulipitia wapi, Scotland?"

"Nilipumzika kidogo. Magoti haya si ya chuma."

Msidhani nalalamika. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa na moto mzuri, dirisha la kutazama vilima, vitabu vyangu, na Winifred, binti mdogo wa nyumba, ambaye nilimpokea akiwa hana meno ya mbele nikamlea mpaka akanipita urefu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, afya njema, na ulimi ambao haukupata mazoezi ya kutosha. Nilikuwa nimeridhika, ila hofu moja tu ilikuwa inanitafuna.

Katika nyumba zile, binti ambaye bado hajatolewa mbele ya watu huachia nywele mgongoni, huvaa sketi inayoonyesha viatu, na hukaa juu na mwalimu wake. Siku anapofunga nywele utosini, sketi hushuka mpaka chini, yeye hushuka kula na wakubwa, na mwalimu hufunga sanduku. Winny alikuwa na miaka kumi na minane. Zamu yake ilikuwa imekwisha fika, lakini dada yake, Georgiana, alikuwa na ishirini na minne na hajapata mume, na Bibi Thackwray alikuwa ameapa kwamba mdogo hatashuka kabla mkubwa hajatoka. Kwa hiyo Winny, mwanamke mzima, alitembea na nywele zikimchezacheza mgongoni kama mtoto wa miaka kumi, na mimi nikala mkate wangu kwa sababu Georgiana alikuwa hajaolewa. Nililijua hilo kila nilipouma.

Nani angemchukua mwalimu wa arobaini na sita? Watu walikuwa wanataka msichana wa Kiswisi, mwenye kiuno na Kifaransa cha puani. Rafiki yangu Sophronia Tuke aliachishwa akiwa na umri kama wangu, akaenda kukaa kwa shemeji yake, na mpaka anakufa shemeji alikuwa anamtazama mkono kila anapochota sukari. Sikutaka kuishi kwa kutazamwa mkono.

Mwezi wa kumi akaja Bwana Ambrose Wetherill, kutoka Lincolnshire, kuwinda ndege na Bwana Thackwray. Ndege hawakupata hasara yoyote, maana alikuwa hana shabaha. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo, na akisemeshwa masikio yaligeuka mekundu. Ardhi anayo ya kutosha, tena tambarare yenye rutuba, iliyotolewa majini kwa mifereji. Alichokosa ni cheo mbele ya jina lake. Bibi Thackwray alikuwa amefika mahali ambapo cheo angekisamehe.

Siku chache baadaye Georgiana akapanda ngazi zote, akaketi kwenye kiti chake cha utotoni pale chumba cha masomo, miguu imemzidi kiti.

"Mwalimu, namtaka," akasema.

"Umemwambia?"

"Nimwambieje? Mama hatuachi peke yetu hata kidogo. Nikiulizwa, mama anajibu. Jana kaniuliza kama napenda kutembea nje. Mama kamwambia, 'Georgiana wangu hawezi kukanyaga umande, kifua kinambana.' Kifua changu, Mwalimu. Mimi niliyeshinda zizini Machi nzima."

Winny, ambaye alikuwa anajifanya kusoma, akafunga kitabu. "Si umwambie tu kwamba unanuka kondoo? Naye ana kondoo. Mtanuka pamoja."

"Nyamaza, mtoto wewe."

"Mtoto nani? Ningekuwa nimefunga nywele mwaka jana, kama wewe usingekuwa mzito."

Habari ya kondoo ilikuwa siri ya nyumba nzima. Kifaransa kilimshinda Georgiana, kinanda kilimshinda, kuchora kulimshinda. Nasema haya nikiwa ndiye niliyemfundisha. Lakini tangu utotoni alikuwa akiteremka zizini kwa mchungaji wao, mzee Obadiah, na msimu wa kuzaa ulipofika alikunja mikono ya nguo akafanya kazi kama mchungaji yeyote. Baba yake alijifanya haoni. Mama yake alimpaka mafuta mikononi, akamvika glavu za kulalia, na akamwapisha kila mtu, kuanzia mpishi mpaka mimi, kwamba neno lile lisivuke mlango. "Hakuna mwanamume," alituambia, "atakayeuoa mkono uliokwisha kuingia tumboni mwa kondoo."

Georgiana alikuwa ameahidi kutii, na ahadi yake ilikuwa ahadi. Nikamwambia avute subira, kwamba mwenye subira hula mbivu, na mengine kama hayo. Alipoondoka niliona haya. Sehemu yangu moja ilikuwa imefurahi kusikia kwamba mambo hayaendi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka Bwana Wetherill, Bibi Thackwray aliandaa karamu ya watu kumi na nne. Karamu nzima ilipikwa kwa ajili ya jambo moja. Wageni huingia mezani wawili wawili, kila mwanamume na mwanamke wake mkononi, kwa kufuata cheo, mkubwa mbele na mdogo nyuma. Bwana Wetherill hakuwa na cheo, kwa hiyo alikuwa wa mwisho. Na Georgiana, kwa kuwa ni binti wa nyumba, naye ni wa mwisho. Wangeingia pamoja, wangeketi pamoja, na mama angekuwa mbali kwenye ncha ya meza.

Alasiri ile mke wa kasisi mkuu akatuma salamu kwamba jino linamuua na hawezi kuja. Wakabaki kumi na watatu. Na kwa Bibi Thackwray, kukaa kumi na watatu mezani ni kuchimba kaburi. Wa kwanza kuinuka hamalizi mwaka. Akapanda mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Bi Pinnock," akasema, akishika kifua, "una gauni gani?"

"Lile jeusi, Bibi."

"Na lingine?"

"Lile lingine jeusi."

Akafumba macho kidogo. "Vaa ambalo halijachakaa viwiko. Utakaa mezani leo. Utakula kidogo, utasema ukisemeshwa, na habari ya kondoo, neno lisikutoke."

"Ndiyo, Bibi."

Winny alinifunga vifungo vya mgongoni, akanishika mabega, akanigeuza huku na huku kama fundi anayekagua kabati. "Umependeza, Mwalimu. Ukimwona shemeji anataka kukimbia, mkanyage mguu."

"Bado si shemeji yako."

"Ndiyo maana nasema umkanyage."

Niliposhuka, nilimkuta Bibi Thackwray mlangoni mwa chumba cha chakula na Mzee Strudwick, mkuu wa watumishi. Bibi alikuwa ameshika kipaji cha uso. Alikuwa ametambua, kwa kuchelewa, ujanja wa hesabu yake mwenyewe: mke wa kasisi ametoka katikati ya mstari, wanawake walio nyuma yake wote wamesogea mbele hatua moja, na pale mwisho kabisa, mkononi mwa Bwana Wetherill, nimeangukia mimi.

Mzee Strudwick akakohoa. "Samahani, Bibi. Kama Bi Pinnock angepita mbele kidogo, na Bi Georgiana akabaki nyuma..."

"Mwalimu amtangulie binti wa nyumba hii kuingia mezani?"

"Kwa usiku mmoja tu, Bibi."

"Strudwick, unaumwa?"

Bibi Thackwray aliutazama mstari, akamtazama binti yake aliyekuwa amepewa mkono wa Kanali mwenye ndevu nyeupe, akanitazama mimi, na nikaona jinsi anavyoumia. Lakini hakuweza. Angekubali kuuza mashamba kuliko kunipitisha mimi mbele ya Georgiana. Tukaingia kwa mpangilio wa cheo, nami nikafunga msafara na yule kijana wa watu, uso wake umeanguka.

Alinivutia kiti kwa adabu. Upande wangu mwingine alikaa mzee mmoja jirani, ambaye alisinzia kabla ya sala kwisha. Upande wake mwingine alikaa Lady Ursula Haigh, mjane. Georgiana alikuwa ng'ambo ya meza, nyuma ya kinara cha fedha na nanasi, na kuzungumza kuvuka meza ni jambo ambalo watu wale hawafanyi hata nyumba ikiungua.

Supu ikaja. Nakiri kwamba sikumsemesha mtu. Ilikuwa inatoa moshi, na mimi sikuwa nimeonja supu inayotoa moshi tangu Krismasi. Niliinywa yote, taratibu, na nikafurahi.

"Wewe ndiye uliyemfundisha Bi Georgiana?" akauliza hatimaye Bwana Wetherill.

"Nilijaribu."

Akatabasamu kidogo, masikio yakaanza kuwa mekundu. "Naondoka kesho kwa treni ya asubuhi."

"Tumesikia. Tutasikitika."

"Kwetu ni tope, Bi Pinnock," akasema, akiisemesha sahani. "Vuli mpaka masika ni maji, tope na kondoo. Nyumba yangu iko chini kuliko mto, lazima pampu zifanye kazi ndipo tulale pakavu. Bibi Thackwray ameniambia habari za kifua cha binti yake. Kumchukua mtu wa namna ile na kumpeleka kule ni dhambi. Nilikuwa na neno la kumwambia usiku huu, lakini naona afadhali nirudi nalo nyumbani."

Samaki akaletwa. Nilijua nina muda wa samaki huyo tu. Kwenye meza zile mazungumzo yana zamu: mpaka samaki unamsemesha jirani wa upande mmoja, na nyama inapoingia bibi mwenye nyumba hugeuza kichwa, na wote hugeuka pamoja naye. Nyama ikiingia, Bwana Wetherill ni wa Lady Ursula, na asubuhi ni wa treni.

Nisingehitaji kusema uongo. Ningekula samaki wangu, basi. Nilikuwa nimeamriwa ninyamaze, na nikinyamaza yeye ataenda zake, Georgiana atabaki, nywele za Winny zitabaki mgongoni, na mimi nitabaki na moto wangu na dirisha langu mwaka mwingine, labda miwili. Utii na tumbo langu vilikuwa upande mmoja. Si kila siku mtu anapata bahati ya namna hiyo, na niliitamani, sitaki kuwadanganya. Nikakata kipande cha samaki nikakitia kinywani.

Kisha nikamtazama Georgiana. Kanali alikuwa anamsimulia vita, naye alikuwa anatikisa kichwa panapostahili, lakini kila alipoweka uma chini alirudisha mikono yake upesi chini ya meza. Mezani glavu huvuliwa. Alikuwa anaificha ile mikono, mikono mikubwa, yenye sugu, mizuri kuliko mingine yote mle chumbani, kana kwamba ameiba. Nilishikwa na hasira. Nilimkasirikia mama yake, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

"Bwana Wetherill," nikasema, "kondoo akizaa, na mwana akaja matako mbele, kwenu hufanyaje?"

Uma ulimponyoka ukagonga sahani. "Samahani?"

"Matako mbele."

"Ni... inategemea nani yupo. Mchungaji wangu ana mkono mnene. Wa namna hiyo wengi tunawapoteza."

"Georgiana hawapotezi."

Akanigeukia mwili mzima. Nikamwambia upesi upesi, maana nilikuwa naona watumishi wameanza kuondoa sahani. Nikamweleza habari ya Machi na theluji, na mzee Obadiah aliyevimba vidole hawezi hata kushika fimbo, na Georgiana aliyelala kifudifudi juu ya majani makavu mpaka kukapambazuka, mkono ndani, akitukana kwa Kiingereza ambacho mimi sikumfundisha. Nikamweleza kwamba walitoka wawili, mapacha, na wote wawili sasa wako kilimani wanakula majani ya baba yake.

"Na kifua? Hakikumbana?"

"Bwana wee, kifua cha Georgiana kingeweza kuvuta mkokoteni."

Bwana Wetherill akacheka. Hakuwa na kicheko cha mezani. Kilikuwa cha shambani, kinavuka ua. Nyama ikaingia wakati huo huo, Bibi Thackwray akageuza kichwa, na vichwa vyote vikageuka pamoja naye, isipokuwa kimoja. Lady Ursula alijikuta anakisimulia kichupa cha chumvi habari za marehemu mumewe. Upande wa pili wa meza watu walianza kutazamana.

"Geuka," nikamnong'oneza. "Zamu imekwisha."

"Ngoja kwanza. Akiingiza mkono, anatafuta miguu ya nyuma kwanza, au mkia?"

Alikuwa amesahau kushusha sauti. Meza nzima ilisikia, hata mzee wangu akaamka. Bibi Thackwray alinitazama kutoka ncha ya meza, na mtazamo ule sitauelezea.

Georgiana akaweka mikono yake mezani, yote miwili, juu ya kitambaa cheupe, karibu na nanasi.

"Miguu, Bwana Wetherill," akasema, kuvuka meza. "Mkia haukusaidii kitu."

"Hata farasi ni hivyo hivyo," akasema Kanali, akajikatia nyama.

Bwana Thackwray, ambaye kwa kawaida mezani hasemi mpaka matunda, akasafisha koo. "Machi iliyopita aliniokolea nusu ya kundi," akasema. "Sijawahi kumshukuru. Nakushukuru, mwanangu."

Basi watu wakala. Baada ya chakula wanawake huenda kukaa peke yao sebuleni, na huko Bibi Thackwray alinikamata nyuma ya pazia.

"Bi Pinnock, nilikuambia nini?"

"Habari ya kondoo, neno lisinitoke."

"Na?"

"Limenitoka, Bibi."

"Panda juu."

Nikapanda. Nilivua lile gauni lisilochakaa viwiko, nikalia kidogo, kwa sababu nilijua nimekata tawi nililokalia na msumeno nimeushika mwenyewe. Kisha nililala usingizi mzuri sana.

Treni ya asubuhi iliondoka bila Bwana Wetherill. Mzee Obadiah alimkuta zizini na Georgiana, wanabishana juu ya kwato. Kabla ya chakula cha mchana Bwana Wetherill alikuwa amekwisha kumwona Bwana Thackwray na kuposa, na Bibi Thackwray alilia, akabusu kila mtu nyumbani, akiwemo mimi kwa bahati mbaya. Ilipofika Jumapili alikuwa anawasimulia majirani kwamba mambo yote aliyapanga yeye.

Arusi ikawekwa Januari. Winny angefunga nywele siku ya pili yake. Bibi Thackwray aliniita sebuleni, akanikaribisha kiti, na kukaribishwa kiti kulinitosha kujua.

"Bila shaka utataka kutafuta mahali, Bi Pinnock," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

"Bila shaka, Bibi."

Jioni Georgiana akapanda na Bwana Wetherill wake, ambaye ilibidi ainame mlangoni.

"Unakuja kwetu, Mwalimu," akasema Georgiana. "Kuna chumba juu, kizuri, kina dirisha. Kaa tu. Watoto wakija utawafundisha."

Nilimshukuru kwa moyo wote, maana alikuwa ananipenda. Lakini nilikiona kile chumba kabla sijakifikia: ngazi zile zile, sinia lile lile, Keziah mwingine anahema, na mimi nasubiri juu mpaka mtu azaliwe, ajifunze kusoma, akue, anifukuze.

"Kule kwenu," nikamuuliza Bwana Wetherill, "wasichana wa wachungaji na wakulima wanasoma wapi?"

"Hawasomi."

"Na nyumba tupu iko?"

Akafikiri. "Iko ile ya msimamizi wa pampu, pale darajani. Amehamia kwa mwanawe. Lakini paa linavuja upande mmoja."

"Nitalala upande mwingine."

Bibi Thackwray aliposikia alishtuka kweli, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alinihurumia. "Watoto wa wachungaji? Bi Pinnock, wewe ni binti wa kasisi. Ukishashuka huko hupandi tena. Hakuna nyumba ya heshima itakayokukaribisha mezani."

"Nimelifikiria, Bibi," nikamwambia, na nilikuwa nimelifikiria kwa furaha.

Ndiyo nyumba ninayokaa mpaka sasa. Paa limetengenezwa. Wasichana huja na viatu vya matope na njaa, wengine na wadogo zao mgongoni, na mama zao hunisemesha barabarani wakiwa wamesimama katikati ya njia, wananieleza magonjwa yao na ya nguruwe wao. Georgiana ana wana wawili wa kiume, na mikono yake iko vile vile.

Ila siku ya Winny bado naikumbuka kuliko arusi yenyewe. Mama yake alikuwa amemleta msusi kutoka York. Msusi akakaa chini amenuna na chai yake, kwa sababu Winny alikuwa amejifungia juu na mimi.

"Nifunge wewe," akasema, akanimwagia vibanio mapajani.

"Mimi sijui mitindo ya sasa."

"Funga unavyojua."

Nikamchana. Zilikuwa nywele nzito, zilinifika mkononi na joto la mgongo wake. Nilikuwa nimezichana tangu hazijafika mabegani. Nikazisokota, nikazipandisha, nikachomeka kibanio baada ya kibanio, na kila kimoja kilikuwa kinanitoa mle chumbani, nami nikavichomeka barabara ili visije vikalegea mbele ya wageni. Hatukusema mengi. Aliponiuliza kama naumia, ilhali anayechomwa ni yeye, tulicheka wote wawili, na kumbe tulikuwa tunalia.

Alipomaliza kuvaa, shingo yake ilikuwa ndefu na ngeni. Dada yake alikuwa amekwisha kuondoka, kwa hiyo tangu dakika ile yeye ndiye binti mkubwa wa nyumba, Bi Thackwray. Desturi inataka mwalimu asimame mbele ya binti aliyekwisha kutolewa, asiketi mpaka aambiwe, na asimwite tena kwa jina la utotoni. Nikaweka kitana mezani, nikasimama.

"Bi Thackwray," nikasema.

Akashika gauni lake jipya pande zote mbili, akanipigia goti, lile la chini kabisa, ambalo mabinti wa nyumba zile hufundishwa kwa ajili ya Malkia peke yake. Akainamisha kichwa na nywele zote zile nilizozifunga, akakaa pale chini, mbele yangu mimi, Hester Pinnock, katika gauni langu jeusi. Nilitaka kumwinua, sikuweza. Nikafuta macho ili nimwone vizuri, na nilipomwona vizuri nikaona anayumba.

"Mguu wa kushoto nyuma zaidi," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia.